Mto wa Vifungo Sita

9 Februari 2010

Mdogo wangu wa pekee,

U hali gani huko kwenye baridi? Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kulia limeanza kunigomea. Miaka ishirini nakanyaga nalo cherehani, nadhani nalo sasa linataka kustaafu. Na kifua chako je? Ulisema unakohoa. Vaa soksi mbili, acha urembo.

Barua yako imefika salama dukani ninakonunua nyuzi. Endelea hivyo hivyo, usithubutu kuandika kwa anwani ya nyumbani. Chiriku siku hizi anasoma kila kinachopita mbele yake, hadi maandishi ya kwenye paketi ya chumvi, na mdomo wake unaujua, jina hilo hatukumpa bure. Juzi mwalimu wake kaniita. Nikaenda roho mkononi, kumbe mtoto kaandika insha ya kurasa tisa wakati wenzake wameandika mbili. Mwalimu akaniuliza, "Mama Chiriku, hiki kipaji kakitoa wapi?" Nikamwambia labda kwa marehemu baba yake. Nilikaribia kucheka mbele ya watu. Shemeji yako, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori ambaye hata orodha ya sokoni alikuwa anaichora.

Ametimiza miaka kumi na mmoja. Nakutumia picha yake. Anakuita "mama mdogo wa ng'ambo" na ananiuliza kama huko mnakula theluji. Kitabu chako kimefika wapi? Nikiulizwa unafanya nini huko nasema mdogo wangu ni mwandishi, nao wananitazama wakingoja niseme kazi yenyewe.

Dada yako


21 Machi 2010

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi kifua kimeachia, kwa hiyo soksi zako zimefanya kazi. Naandika nikiwa kwenye chumba cha mashine za kufulia, chini ya jengo letu. Asubuhi nasafisha maktaba, mchana nashuka humu na daftari langu kwa sababu humu ndimo kwenye joto. Watu wanaleta mashuka yao, wananikuta, wanadhani nimekodiwa nilinde nguo.

Mhariri amenirudishia hadithi zangu zote saba. Ameandika kwamba ninaandika kama mtu aliyesimama mlangoni akaogopa kuingia ndani. Nililia, kisha nikaona amesema kweli.

Dada, nataka kuingia ndani. Nataka kuandika ile miezi. Mimi nina miaka kumi na sita, nimefichwa kwa shangazi na tumbo langu, na wewe unatembea mjini na mto umeufunga kiunoni ili baba yetu na mama mkwe wako waamini kwamba mwenye mimba ni wewe. Kila wiki mbili unafungua vifungo, unaongeza pamba. Nikamzaa mimi, ukarudi naye nyumbani wewe, na mimi nikarudi darasani kama mtu aliyetoka kuugua malaria. Nani mwingine ana hadithi kama hiyo? Niruhusu.

Na ule mto, uliuchoma kama tulivyokubaliana? Naukumbuka hadi vifungo.

Mdogo wako


10 Aprili 2010

Mdogo wangu,

Nianze na salamu, hasira isije ikaninyima adabu. Hujambo? Kifua hakijambo? Vizuri. Sasa jibu langu ni hapana.

Mengine yote nakupa. Andika juu ya goti langu. Andika juu ya baba na mkanda wake, andika juu ya mama mkwe wangu na ulimi wake, nitakusaidia hata kutia chumvi. Hilo la mtoto usiliguse. Tulikaa juu ya kitanda cha shangazi tukaapa kwamba atakapomaliza kidato cha nne tutamwambia sisi wawili, nimemshika mkono mmoja mimi na mmoja umemshika wewe. Hadi siku hiyo mimi ndiye mama yake na wewe ni mama mdogo. Sijakuomba kitu kingine tangu uondoke.

Mto ulishakuwa majivu siku nyingi. Usiniulize tena habari za mto.

Dada yako


2 Mei 2010

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani. Nimekusikia. Sitaandika, naapa kwa kaburi la mama. Mwambie Chiriku theluji haina ladha, nimeionja kwa ajili yake.

Mdogo wako


30 Septemba 2013

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti na mwenye goti wote wazima. Najua miaka mitatu hii sijakuandikia zaidi ya mistari miwili mitatu, na ulikuwa unajua kuna kitu. Bora nikiseme mwenyewe kabla hujakisikia kwa watu.

Nimeandika. Nilijaribu mengine, dada, Mungu ni shahidi. Niliandika juu ya baba kurasa mia mbili, nikazitupa, zilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mwishowe nikaandika ile miezi, nikaimaliza kwa wiki kumi na moja, na mhariri yule yule aliyenirudishia hadithi saba alinipigia simu akiwa analia. Kitabu kimetoka. Kimepewa tuzo. Nimepigwa picha nimeshika ua, nina miaka thelathini na wananiita sauti mpya.

Usiogope. Nimebadilisha kila kitu. Mji si wetu. Dada nimemfanya mkunga, mtoto nimemfanya wa kiume, shangazi nimemfuta kabisa. Kitu kimoja tu nimeshindwa kukiacha, nacho ni mto na vifungo vyake sita. Kilikuwa kizuri mno. Na kwa kuwa uliuchoma, anayeujua duniani ni mimi na wewe.

Nisamehe, kisha nifurahie kidogo.

Mdogo wako


11 Novemba 2013

Mdogo wangu,

Hujambo. Sijambo. Chiriku hajambo.

Uliapa kwa kaburi la mama. Kaburi lenyewe nalipalilia mimi, kwa hiyo nimekwenda kumwomba radhi kwa niaba yako.

Duka la vitabu la hapa kwetu linauza kalamu na mitihani ya miaka iliyopita, hivyo kitabu chako hakijafika. Ndicho kinachoniokoa. Unaniomba nifurahi. Nimejikaza kisabuni mbele ya majirani, nikasema mdogo wangu kapewa tuzo, wakanipongeza, nikaingia ndani nikakaa. Furaha yangu ndiyo hiyo.

Nami nina langu ambalo ningepaswa kukuambia, lakini kwa jinsi nilivyo leo halitatoka. Picha za Chiriku sitakutumia tena.

Dada yako


8 Juni 2015

Dada yangu,

Shikamoo. Hujanijibu barua nne. Natumaini ni hasira tu, si ugonjwa.

Nina habari, na nakuomba uisome ukiwa umekaa. Kamati ya vitabu vya shule huko nyumbani imekichagua kitabu changu. Kimefasiriwa, na kuanzia mwakani kila mtoto wa kidato cha nne atakisoma. Unakumbuka nilivyokuwa nasoma vitabu vya shule chini ya meza yako ya kukatia, nakula vipande vya chaki yako? Sasa wengine watanisoma mimi. Huku nimepewa tuzo na watu wasiojua jina langu linavyotamkwa. Kusomwa nyumbani ndicho nilichokitaka tangu mwanzo.

Wanataka sahihi yangu kabla ya mwisho wa Julai. Najua Chiriku mwakani yuko kidato cha nne. Nimehesabu, sikusahau. Lakini ni hadithi tu, dada. Watoto elfu na elfu wataisoma, na hakuna atakayeangalia nyumbani kwake.

Mdogo wako


24 Juni 2015

Mdogo wangu,

Salamu. Nipo chini ya miguu yako, mimi niliyekuzidi miaka kumi na miwili.

Mto haukuchomwa. Nilikudanganya. Nilikwenda nao uani na kiberiti, nikaugeuza, nikaona bitana bado nzima na kitambaa cha sketi yako ya shule hakijapauka, mkono ukakataa. Unanijua, mimi siwezi kutupa kitambaa kizima, hata shemeji yako alikuwa ananiita mkono wa birika. Nikaona aibu kukuambia kwamba siri ya maisha yetu nimeiponza kwa ubahili wa nguo. Nikaweka pamba safi. Chiriku ameulalia tangu akiwa wa wiki tatu. Alijifunza kuhesabu kwa vile vifungo, vitano vyeusi na kimoja cheupe. Hata leo, msichana mzima, akilala mkono wake uko pale.

Basi usitie sahihi. Sisemi milele, nasema mwaka mmoja. Amalize mtihani, uje, tukae naye kama tulivyoapa, kisha wape kitabu nchi nzima na mimi nitakwenda kukinunua wa kwanza. Mwaka mmoja tu. Wewe umengoja miaka thelathini na miwili, huu mmoja unakushinda nini?

Dada yako anayekuomba


20 Julai 2015

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu. Kwa nini hukuniambia mwaka ule nilipokuuliza? Ungesema neno moja ningetoa vifungo, ningeweka zipu, ningeweka chochote. Usinibebeshe mzigo wote mimi.

Nimewauliza kama wanaweza kuahirisha. Wamesema mwakani watachagua kitabu cha mtu mwingine, na kikichaguliwa kingine hukaa miaka sita. Nimetia sahihi jana.

Uchome mto sasa, basi. Muda upo. Mwambie umeingiwa na kunguni.

Mdogo wako


3 Machi 2016

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Jumanne ya wiki iliyopita mwalimu alimsimamisha Chiriku asome kwa sauti, kwa kuwa yeye ndiye msomaji wa darasa. Sura ya nne. Akafika pale mkunga wako anapofungua vifungo vitano vyeusi na kimoja cheupe kilichong'olewa kwenye sketi ya shule ya mdogo wake. Akaishia hapo. Mwalimu akamwambia aendelee, akakaa chini.

Alipoingia nyumbani nilikuwa naweka marinda kwenye sketi za watu. Akapita, akaenda chumbani, akatoka na mto, akauweka juu ya cherehani, juu ya kazi yangu. Juu ya mto akaweka kitabu. Mtoto ambaye tangu azaliwe sijawahi kumsikia amenyamaza muda wa kuchemsha chai. Kisha akaniuliza, "Nani alinizaa?" Nikamwambia. Nilimshika mkono mmoja. Wa pili aliukalia.

Hajauliza zaidi. Anakula, anafua, anakwenda shule, hasemi. Watu wananiuliza kama anaumwa koo.

Sasa na mimi nimekisoma. Nilikisoma siku mbili, kidole kwenye mstari. Umenifanya mwizi. Mkunga wako mgumba mwenye njaa anamnyakua mtoto akiwa bado amelowa, na msichana analia, "Nipe mwanangu," na mkunga anacheka. Nilicheka lini? Mimi nilikuwa nimesimama na shuka nimelipasha moto, nikakuuliza kama unataka kumbeba kwanza. Wewe uligeukia ukutani ukasema, "Mtoe humu, sitaki kumwona." Nilikuelewa, ulikuwa mtoto. Sikuwahi kukukumbusha hadi leo. Mbona hilo hukuliandika? Au vifungo ndivyo vilivyokuwa vizuri zaidi?

Mwalimu amewapa swali la kuandikia nyumbani: "Mhusika dada ni mwizi. Jadili." Chiriku, wa kurasa tisa, amerudisha karatasi tupu.

Dada yako


1 Aprili 2016

Dada,

Shikamoo. Sina haki ya kuuliza hali yako, lakini nauliza.

Ni kweli niligeukia ukutani. Nimeandika ukurasa ule mara nyingi kuliko kurasa zote, na kila mara nikiandika ukweli nilikuwa nauchukia mkono wangu. Nani angemsoma msichana yule? Nani angempa tuzo? Kitabu kilitaka mtu wa kulaumiwa, na wewe ulikuwa mbali, na hukuwa na kalamu. Nimelisema. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kuniambia nilikuwa mtoto. Nilipokuwa naandika nilikuwa mtu mzima.

Lakini sasa anajua, na nataka kumwona. Nakuja Agosti. Wamenialika nisome kwenye ukumbi wa maktaba kuu ya huko nyumbani, Jumamosi ya tarehe 13, saa nne asubuhi, shule zote zinakaribishwa. Nitaweka viti viwili mstari wa mbele, chako na chake. Mlete, dada. Hata asiposema neno. Mimi ndiye niliyemzaa, na tangu akiwa wa miaka mitano nina picha tu, na ya mwisho ana miaka kumi na minne.

Mdogo wako


27 Juni 2016

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu, kwa hiyo naandika tena yale yale, labda barua imepotea. Tarehe 13 Agosti, saa nne. Viti viwili.

Mdogo wako


15 Agosti 2016

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa hotelini, kesho narudi. Niko saa sita tu za basi kutoka kwenu na sikuthubutu kuja bila kuitwa. Nilifika hadi kituoni jana, nikasimama dirishani pa tiketi, mwenye kuuza akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia nimekosea foleni.

Ukumbi ulijaa. Walisimama hadi kwenye ngazi, wasichana wa shule kwa mamia, kila mmoja na nakala yake iliyochakaa, wamepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nilisoma sura ya kwanza. Ya nne sikuweza. Viti viwili vya mbele vilibaki wazi, mwenye kuongoza shughuli alitaka kuwakalisha wageni wa heshima nikakataa, akaniona nina kiburi. Niliposoma, nilipojibu maswali, nilipokaa kutia sahihi, macho yangu yalikuwa mlangoni. Nilidhani mmechelewa. Nilidhani basi limeharibika.

Nikuambie kimoja kilichonigusa, nisikuandikie machungu matupu. Kwenye foleni ya sahihi walikuwa wengi, nikawa naandika bila kuinua kichwa, jicho moja kule mlangoni. Nikamuuliza mmoja, "Niandike kwa nani?" Akasema, "Kwa mama." Nikamwambia mama yake ana bahati kuletewa kitabu na mwanawe. Akasema, "Ndiyo." Niliporudisha kitabu alikuwa bado amesimama, wenzake wakamsukuma, akaenda. Nimemfikiria siku nzima. Nilijiuliza kama yupo siku moja atakayeniombea hivyo.

Niandikie. Hata kunitukana, niandikie.

Mdogo wako


2 Septemba 2016

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na kifua hakijakurudia. Mimi mzima. Goti ni lile lile.

Sikumleta, na sikumzuia. Barua zako mbili nilimpa azisome mwenyewe, akazisoma, akanirudishia. Ijumaa ile aliniambia anakwenda kujisomea na mwenzake na atalala huko. Kumbe alipanda basi. Alivaa sare ili asitofautiane na wenzake. Anasema alikaa nyuma kabisa na kwamba unasoma vizuri. Anasema aliviona viti viwili, akaona haya kuwapita wote hao aende mbele, akasema moyoni atakufikia kwenye foleni. Hakujua atakuambia nini. Alidhani ukiinua kichwa itajulikana. Ulikuwa unatazama mlango.

Hakulia alipokuwa ananisimulia. Alisema tu kwamba vidole vyako ni kama vyake, hata hiki cha mwisho kilichopinda.

Kitabu kipo hapa, pembeni ya cherehani. Alinipa kwa mikono miwili, akasema, "Nimekuletea, mama. Ameandika mwenyewe." Nimeusoma mwandiko wako, haujabadilika tangu ulipokuwa unaandika chini ya meza yangu. "Kwa Mama, kwa upendo na heshima." Na sahihi yako chini yake.

Ameanza tena kusema. Jana kanisemesha tangu nilipowasha jiko hadi nilipofunga dirisha, kichwa kikaniuma, nikamshukuru Mungu. Mto nimeufua, umekauka, umerudi kitandani. Kifungo cheupe kilikuwa kimelegea, nimekikaza.

Barua usilete tena dukani. Ukipenda kuandika, andika kwa anwani ya nyumbani, na yeye ndiye atakayeifungua.

Mama Chiriku